Macbeth jukwaani na kwenye filamu: tofauti ya kuorodhesha sifa na kuchambua

SWALI: Habari Mwalimu. Nasoma fasihi, na nimepewa kazi ya kulinganisha tamthilia ya Shakespeare, Macbeth, na filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1957 iliyotokana nayo, ile inayojulikana kwa jina la Throne of Blood. Nimeandika kwamba Macbeth ni jasiri, mwenye tamaa, katili na mwoga. Kwenye dhamira nimetaja tamaa ya madaraka, usaliti na nguvu za giza. Mhadhiri amenirudishia kazi akiwa ameandika tu: "Umeorodhesha. Sasa chambua." Tofauti ni ipi hasa? Halafu kwenye filamu, Washizu, anayeshika nafasi ya Macbeth, hajisemei peke yake kama inavyokuwa jukwaani. Yaliyomo moyoni mwake nayapata wapi?

JIBU: Sifa zote nne ulizotaja zina ushahidi ndani ya tamthilia, kwa hiyo hujakosea. Kasoro ni kwamba "jasiri" na "mwoga" umeziweka kwenye mstari mmoja na hukushtuka. Mtu huyohuyo anakuwaje jasiri na mwoga? Ni jasiri lini, mbele ya nani, na anaogopa kitu gani? Ukianza kuuliza hivyo, umeshaacha kuorodhesha.

Tuuchukue huo ujasiri. Macbeth anasifiwa kabla hatujamwona. Katika onyesho la pili la sehemu ya kwanza, askari aliyejeruhiwa anamsimulia mfalme Duncan jinsi Macbeth alivyompasua adui kuanzia kitovuni hadi kwenye taya, kisha akakitundika kichwa chake kwenye ukuta wa ngome. Mfalme anajibu kwa kumsifu ndugu yake huyo shujaa. Hakuna hata mmoja pale anayetetemeka. Basi ujasiri wa Macbeth si tabia aliyozaliwa nayo tu. Ni kipimo ambacho jamii yake yote inakitumia, na damu ndiyo inayokithibitisha.

Sasa ruka hadi onyesho la saba la sehemu hiyohiyo. Macbeth, ambaye wachawi wamemtabiria ufalme, yuko peke yake, anajihesabia sababu za kutomuua Duncan: ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni wake, tena ni mtawala mwema. Anakiri kwamba hana kinachomsukuma isipokuwa tamaa. Anamwambia mkewe waache jambo hilo. Lady Macbeth hafanyi kazi ya kumthibitishia kwamba kuua ni haki. Anamshambulia uanaume wake. Naye anajibu kwamba anathubutu kila linalomfaa mwanamume, na anayethubutu zaidi ya hapo si mwanamume. Jibu hilo lisome mara kadhaa, kwa sababu ndani yake tafsiri mbili za uanaume zinagongana: ya kwanza inasema mwanamume ana mpaka, ya pili inasema mwanamume hana mpaka. Kabla onyesho halijaisha ameikubali ya pili. Hoja ya mkewe inamwingia kwa kuwa ndicho kipimo alichosifiwa nacho vitani.

Ifuatilie hoja hiyo mbele zaidi, utashangaa. Katika sehemu ya tatu, anapowashawishi watu wamuue Banquo, mpiganaji mwenzake, Macbeth anawauliza kama wao ni wanaume kweli au wanahesabiwa tu miongoni mwa wanaume. Maneno aliyotiwa na mkewe sasa anawatia wengine. Kisha mwishoni mwa sehemu ya nne Macduff, kabaila anayempinga Macbeth, anapata habari kwamba mke na watoto wake wameuawa. Malcolm, mwana wa Duncan, anamhimiza alikabili hilo kama mwanamume. Macduff anasema atafanya hivyo, lakini ni lazima pia aumie kama mwanamume. Hapo ndipo tafsiri ya tatu inapotokea, na anayeitoa ndiye atakayemuua Macbeth.

Angalia tulivyofika hapa. Tulianza na sifa moja, tukaifuata inavyobadilika mikononi mwa watu mbalimbali, na dhamira ikajitokeza yenyewe. Dhamira ni kauli ambayo kazi ya sanaa inaitoa kuhusu maisha kupitia yanayowapata wahusika. "Tamaa ya madaraka" bado si kauli, ni mada, na hakuna anayeweza kuipinga wala kuikubali. Andika sentensi kamili yenye kitenzi, inayoweza kubishiwa. Kwa mfano: Macbeth inaonyesha kwamba jamii inayoupima uanaume kwa kumwaga damu humlea yenyewe muuaji wa mfalme wake.

Kisha ibishie mwenyewe kabla mhadhiri hajafanya hivyo. Banquo alipigana vita hivyohivyo, akasikia palepale utabiri wa wachawi, uliomwambia kwamba uzao wake utatawala, lakini hakuua. Je, kauli yetu imeanguka? Nadhani haijaanguka, ila inahitaji kunolewa. Mwanzoni mwa sehemu ya tatu Banquo anasema peke yake kwamba anahofia Macbeth ameupata ufalme kwa njia chafu, na katika maneno hayohayo anatumaini kwamba utabiri kuhusu uzao wake nao utatimia. Hamwambii mtu. Kwa hiyo kuna uchaguzi wa mtu binafsi ndani ya jamii hiyo, na kuna kunyamaza kunakomsaidia muuaji. Aya inayopita kwenye pingamizi namna hii ina thamani kuliko kurasa mbili za sifa zilizopangwa.

Kipimo kingine ninachokiamini sana ni kulinganisha matendo yanayofanana. Macbeth anafanya mauaji mara tatu kubwa. Duncan anamuua kwa mikono yake baada ya kujadiliana sana na nafsi, na sisi hatuoni; tunasikia tu, nyuma ya jukwaa. Banquo anauawa na watu wa kutumwa, na Macbeth anamficha mkewe mpango huo, yeye ambaye juzi tu alikuwa mshauri wake. Familia ya Macduff inaangamizwa bila mjadala wowote: anatangaza kwamba tangu sasa mkono wake utatenda mara moja kila moyo unachowaza. Na safari hii Shakespeare anatuonyesha mtoto akichomwa kisu mbele ya macho yetu. Mfalme kafichwa, mtoto kaonyeshwa. Mpangilio huo wa jukwaa ni ushahidi sawa na maneno. Kadiri Macbeth anavyopunguza kufikiri, ndivyo mtazamaji anavyoongezewa cha kuona. Ukisema "Macbeth ni katili" unayafunika hayo yote kwa neno moja.

Maelekezo ya jukwaani usiyaruke kamwe. Katika onyesho la nne la sehemu ya kwanza Duncan anamzungumzia yule msaliti, mtawala wa eneo la Cawdor, anasema hakuna utaalamu wa kuusoma moyo wa mtu usoni pake. Mara Macbeth anaingia, akiwa tayari amepewa cheo cha msaliti huyo. Kinaya chote hicho kimebebwa na kuingia kwa mtu mmoja.

Sasa filamu. Swali lako hili ndilo lililonifanya nichague barua yako. Kurosawa hakubakisha mashairi ya Shakespeare. Aliihamishia hadithi Japani ya enzi za vita vya makabaila, akachota mbinu kutoka Noh, tamthilia ya kale ya Kijapani ambayo waigizaji wake huvaa vinyago. Ukimtafuta Washizu ajisemee, hutampata. Jiulize badala yake: kazi iliyokuwa ikifanywa na ule uzungumzinafsia, yaani mhusika kujisemea peke yake, sasa inafanywa na nini?

Kwanza, na miili. Tazama usiku wa mauaji. Asaji, mkewe Washizu, anayeigizwa na Isuzu Yamada, ameketi bila kutikisika, uso umetulia kama kinyago cha Noh. Washizu wa Toshiro Mifune hatulii: anasimama, anageuka, anahema. Mashaka ambayo Macbeth aliyatoa kwa maneno hapa yanatoka kwa miguu na pumzi. Na utulivu wa Asaji ndio ushawishi wenyewe, kwa sababu anaongea kama mtu ambaye jambo kwake limekwisha kuamuliwa.

Pili, na chumba. Wamelazimika kulala katika chumba ambamo msaliti aliyetangulia, Fujimaki, alijiua, na doa la damu yake halifutiki. Jukwaani Lady Macbeth anadhani maji kidogo yatausafisha mkono. Katika filamu doa lipo hata kabla ya kuua, na ni la mtu mwingine. Hiyo si pambo. Inasema kwamba uhalifu huu una historia.

Tatu, na sauti. Asaji anapokwenda kuchukua sake, pombe ya mchele, iliyotiwa dawa kwa ajili ya walinzi, anapotelea kwenye mlango wenye giza tupu na kurudi kutoka humo, na tunachokisikia ni mchakacho wa vazi lake. Washizu anapoingia kuua, kamera haimfuati. Tunabaki na Asaji, kama vile katika tamthilia tunavyobaki na Lady Macbeth. Hapo Kurosawa amekuwa mwaminifu kwa Shakespeare bila kuazima neno hata moja, na ningependa kazi yako iseme hivyo waziwazi.

Nne, na umbali wa kamera. Picha za karibu za nyuso ni chache. Tunawaona watu wakiwa wadogo ndani ya ukumbi mpana au wakipotea ukunguni, kama Washizu na Miki, anayeshika nafasi ya Banquo, wanavyokwenda na kurudi na farasi wao bila kuiona njia. Uzungumzinafsia ulitusogeza karibu na Macbeth hadi tukamhurumia. Kamera hii inatuweka mbali, tuwaangalie kama watu walioingia kwenye mzunguko wasiouelewa.

Na hapo dhamira inabadilika. Duncan ni mfalme mwema, ndiyo maana kumuua ni kuvunja kitu kitakatifu. Katika filamu, Asaji anamkumbusha mumewe kwamba mtawala wao naye alimuua bwana wake ili akalie kiti, tena kwamba Miki akiueleza utabiri, mtawala atawahi kuwaua wao. Hoja inayomsukuma Washizu ni hofu zaidi ya tamaa. Baadaye yuko tayari kumfanya mwana wa Miki kuwa mrithi, mpaka Asaji anapomwambia ana mimba. Mwishoni Macbeth anauawa na Macduff, Malcolm anashika ufalme halali. Washizu anauawa kwa mishale ya askari wake mwenyewe, na filamu inafunga kama ilivyofungua, kwa wimbo juu ya magofu ya ngome. Shakespeare anairudisha nchi kwenye utaratibu. Kurosawa hakuna anachokirudisha. "Tamaa ya madaraka" ingeandikwa kwenye kazi zote mbili na isingekuambia tofauti hiyo.

Tahadhari moja: si kila badiliko kwenye filamu ni uamuzi wa kidhamira. A Streetcar Named Desire ya Tennessee Williams, iliyopanda jukwaani mwaka 1947, inamwacha Stella akiwa bado na mumewe. Filamu ya mwaka 1951 iliyoongozwa na Elia Kazan inamwonyesha akiapa kutorudi kwake, na kilicholeta hilo ni masharti ya udhibiti wa filamu Marekani wakati ule. Jua sababu kabla hujaifanyia tafsiri.

Kwa kazi yako, usijaribu kugusa kila kitu. Weka onyesho la saba la sehemu ya kwanza sambamba na usiku wa mauaji katika filamu, uulize nani anasema, nani anasogea, nani anaonekana na nani amefichwa. Ukibaki na nafasi, ongeza karamu. Maelekezo ya chapa ya mwaka 1623 yanasema mzuka wa Banquo unaingia na kuketi mahali pa Macbeth, yaani mtazamaji anauona. Wako waongozaji wa jukwaa walioamua kukiacha kiti kitupu, mzuka ukabaki kichwani mwa Macbeth peke yake. Kurosawa anatuonyesha Miki, mweupe, ameketi. Amua kwa ushahidi kila uamuzi unamfanya Macbeth, au Washizu, kuwa mtu wa aina gani, na uniandikie ulichopata.