Mkono wa kushoto umegoma

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mi ni wa Langoni hapa Lamu, miaka 43, kazi yangu ni jahazi tangu utotoni. Nimenunua kibodi ya mtumba ya vitufe 61, mwezi wa pili huu najifunza YouTube kwa zile video za taa zinazoshuka. Mkono wa kulia nyimbo mbili unatoa, lakini nikitia wa kushoto mambo yanaharibika, unamfuata mwenzake tu kama punda, watoto wananicheka. Na kule Shela kuna nyumba wanauza piano ya kweli bei ya kutupa. Sasa shida ni kibodi au ni uzee? Na taarabu itapigika humo?

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Hiyo piano iache huko huko Shela. Ndani ina nyuzi za chuma 230 hivi, na chumvi ya bahari yetu unaijua inavofanya misumari. Mi niliwahi kuponzwa na moja, nje inang'aa kama kioo, kufungua kifuniko kutu tupu, na vitufe vya katikati ukibonyeza vinabaki chini havirudi kwa vile unyevu ushavimbisha mbao. Halafu ni kilo 200 na ushee hiyo, uitie boti, uipitishe vichochoro vya Langoni, na fundi wa kuvuta nyuzi za piano mi hapa kisiwani sijakutana naye. Piano kamili ina vitufe 88, wewe una 61, yaani oktavu tano (oktavu ni kutoka do moja mpaka do inayofuata), kwa kuanzia zinatosha na kubaki. Jaribu kitu kimoja tu, bonyeza polepole kisha bonyeza kwa nguvu, kama sauti haibadiliki basi hapo ndo pa kuja kubadilisha ukipata pesa.

Uzee wacha. We mtu mkono mmoja uko kwenye usukani mwengine kwenye demani, ile kamba ya tanga, kila mmoja na kazi yake, na macho yako kwenye tanga, leo unaniambia mikono yako haijui kuachana? Shida ni zile taa, zinakuonyesha wapi pa kubonyeza lakini hazikwambii kwa kidole gani wala hazikufundishi kuhesabu.

Vidole vina namba, gumba ni 1 mpaka kidogo 5, mikono yote miwili. Sasa kwa vile huo wa kushoto unataka kumfuata mwenzake, mpe kwanza anachotaka. Weka magumba yote mawili kwenye do ya kati, kile cheupe cha kushoto mwa vyeusi viwili vya katikati ya kibodi (ukitoka hapo kwenda kulia vyeupe ni do, re, mi, fa, sol, la, si), yote mawili juu ya kitufe kimoja, kisha nenda nje, 1-2-3-4-5, wa kulia unapanda wa kushoto unashuka, vidole vyenye namba sawa vinabonyeza pamoja, halafu rudi. Utashangaa mara ya kwanza tu inakubali. Ikishakolea ndo unaipa kushoto kazi yake, do moja uishike hesabu nne, sol hesabu nne, peke yake, bila kulia, mpaka uweze kuongea na mkeo huku inaenda. Ndo umtie wa kulia, tena si wimbo mzima, hesabu nne za mwanzo tu, polepole mpaka uone haya. Dakika 15 kila siku baada ya isha zinashinda masaa matatu ya Ijumaa. Na hao watoto, vaa hedifoni.

Taarabu itapigika, lakini si yote. Hijazi, moja ya makamu, yaani mipangilio ya sauti ya taarabu, unayo humo humo: anza re, kisha cheusi cha kushoto mwa mi, kisha cheusi cha kulia mwa fa, halafu sol, la. Piga hivo utaisikia mwenyewe. Makamu za bayati na rasti ndo mtihani, zina sauti inayokaa katikati ya vitufe viwili, mwenye udi au fidla anaipata kwa kusogeza kidole, piano haina. Kibodi nyengine zina sehemu ya kushusha kitufe robo toni, yaani nusu ya njia ya kwenda kitufe cha jirani, ichokoe yako uone.

SWALI: Mwalimu, mwanangu ana miaka 6, tuko Barani, Malindi. Nimembandikia vistika vya do re mi kwenye kibodi, je ni makosa?

JIBU: Si makosa mama, lakini wiki mbili vitoe, atakuwa anasoma vistika hatazami vitufe. Mwonyeshe vyeusi vimekaa viwili viwili na vitatu vitatu, do ni cheupe kilichojibana kushoto mwa vile viwili. Mwambie atafute do zote kwenye kibodi, akizipata tano sita bila vistika bas, kesho anaanza wimbo.