Mkuu, futa hiyo "mal au cœur" kabla mama hajapanda ndege

Futa hiyo sentensi sasa hivi. Umesema mwezi ujao unampeleka mama yako Lyon, Ufaransa, ana ugonjwa wa moyo, na umeshamwandikia kikaratasi cha Kifaransa "J'ai mal au cœur", ukidhani ni "moyo unaniuma", aonyeshe popote akizidiwa. Akionyesha hicho, ataletewa chombo cha kutapikia.

Yalinikuta hukohuko Ufaransa. Mama yangu alibanwa kifua usiku, nikamkimbiza hospitali, nikamwambia nesi wa mapokezi bila kusita: "Elle a mal au cœur." Nesi akauliza ametapika mara ngapi. Nikasema hajatapika. Akampa kibakuli cha karatasi ngumu, akatuonyesha viti. Tulikaa karibu saa mbili. Mama amekipakata kile kibakuli, kiganja kimekandamiza kifua, jasho linamtoka na nje kuna baridi kali. Nesi mwingine alipita, akamtazama usoni, ndipo wakamkimbiza kupimwa. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Yupo hai, alhamdulillahi, lakini ngazi za ghorofa moja anapumzika mara mbili.

Aliyeniponza ni mwalimu wangu wa twisheni, na hasira haijanitoka mpaka leo. Alitukaririsha: mal à la tête, kichwa kinauma, mal au ventre, tumbo, mal au dos, mgongo, "viungo vingine malizieni wenyewe." Nikamalizia! Hakutuambia hata siku moja kwamba ukifika kwenye cœur, yaani moyo, kanuni hiyo haifanyi kazi, kwamba Mfaransa akisema hivyo ana kichefuchefu. Na angetueleza kwa dakika moja tu, kwa sababu hata sisi husema moyo unanichafuka, na hakuna anayemtafuta daktari wa moyo kwa hilo.

Kwa hiyo usitaje moyo, taja kifua. Andika "J'ai une douleur dans la poitrine." Poitrine ndiyo kifua. Chini yake ongeza "Je suis cardiaque", yaani mimi ni mgonjwa wa moyo. Mfundishe alitamke mwenyewe poitrine, huku mkono uko kifuani, hata kama hutakuwepo. Simu ya dharura ya kitabibu kule ni 15.

Hayo maneno mengine yenye cœur uliyouliza, par cœur ni kujua kitu kwa ghibu, à contrecœur ni kufanya kwa shingo upande. Ukishaandika kikaratasi kipya, kiweke hapa nikisome kabla hamjaondoka.