"Idadi ya watoto ni wengi": kosa liko wapi?

SWALI: Nafundisha jiografia sekondari. Nikichora piramidi ya idadi ya watu, wanafunzi huandika "idadi ya watoto ni wengi" na "idadi ya wazee wamepungua". Nikisahihisha, wananiuliza: kwani watu si ngeli ya A-WA? Halafu mchoro wa Japani haufanani kabisa na piramidi. Tuendelee kuuita hivyo?

JIBU: Mwalimu, watu ni A-WA kweli, ila kinachotawala sentensi hizo ni idadi, nayo ni I-ZI. Idadi ni hesabu. Huwa kubwa au ndogo. Wengi na wachache ni watu wenyewe. Kwa hiyo "idadi ya watoto ni kubwa", au "watoto ni wengi", na "idadi ya wazee imepungua".

Wape mchoro wa Japani uliochorwa kwa umri wa mwaka mmoja mmoja. Waweke kidole kwa waliozaliwa 1966: pameingia ndani, kama pengo la jino. Katika kalenda ya jadi, ambayo huipa miaka majina ya wanyama, mwaka ule ulikuwa wa Farasi wa Moto, na kwa imani ya zamani binti aliyezaliwa mwaka huo humletea mumewe balaa. Wazazi wengi wakaepuka kuzaa. Mwaka 1965 walizaliwa watoto 1,800,000 na ushei. 1966 hawakufika 1,400,000. Sasa waandike walichokiona: "Idadi ya waliozaliwa ilishuka." Atakayeandika "waliozaliwa walishuka" amesema watu waliteremka, jambo ambalo hakulikusudia.

Penye ugumu ni hapa: "Idadi kubwa ya vijana wamehamia mjini." Utaisikia kila siku, na nisingemkata mwanafunzi alama, kwa kuwa wanaohama ni vijana, hesabu haihami. Hata hivyo mimi huandika "vijana wengi wamehamia mjini". Ni fupi, na ngeli hazigombani.

Jina libaki. Lilitokana na umbo la kitako kipana na kilele chembamba, kama ulivyo mchoro wa Tanzania wa sensa ya 2022. Siku hizi linataja aina ya mchoro: umri umepangwa ngazi kwa ngazi, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Wa Japani umebana chini kwa sababu watoto ni wachache, ukatanuka katikati na juu. Andika tu "piramidi ya Japani ina umbo la mtungi". Hakuna mgongano wowote humo.