Uchovu wa safari hautibiwi kwa "kusafisha damu"

SWALI: Daktari, nimepanga Chanika na kazi yangu iko Kariakoo. Naamka saa 10 alfajiri, narudi saa 3 usiku. Nyumba iko kando ya barabara, jirani na baa. Mwaka mzima nimechoka, hata Jumapili, na nimekuwa na hasira za karibu kwa watoto. Kelele nimeshazizoea. Nimemaliza chupa mbili za dawa ya kuondoa sumu mwilini, sijaona nafuu. Ninunue ya tatu?

JIBU: Usinunue. Taka za mwilini hutolewa na ini na figo. Vikishindwa kazi hiyo, unahitaji hospitali haraka, na chupa isiyo na lebo inaweza kuviumiza zaidi.

Katika barua yako, maneno yaliyonishtua ni "kelele nimeshazizoea". Nayasikia kila wiki, na ndiyo yanayochelewesha watu kupona. Safari kama yako, kusimama kwenye daladala, foleni, hofu ya kuchelewa, huuacha mwili katika hali ya tahadhari. Mwili unaweza kuvumilia hayo endapo jioni utapata mahali pa kutulia. Wewe unashuka kituoni na kuingia kwenye kelele nyingine. Hata usipoamka, kila muziki unapopanda au lori linapopiga honi, mapigo ya moyo huongezeka na usingizi mzito hukatika. Asubuhi hukumbuki kitu, unasema ulilala. Na hata huo muda wenyewe hautoshi: kutoka saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri ni saa 7 tu, kabla hujala wala kuoga, na mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40. Baa inayopiga muziki dirishani kwako imeshapita hapo mbali.

Joto nalo. Ili ulale vizuri, mwili lazima upoe kidogo. Chumba cha bati bila dari, kwenye uwanja usio na mti hata mmoja, hakikupi nafasi hiyo. Na mti si kivuli tu: mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, wakawa na dirisha linalotazama miti, walitoka hospitali mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Kwa hiyo hamishia kitanda chumba cha nyuma, mbali na barabara. Ungana na majirani mpeleke malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa, na asiposikia nendeni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015. Mkataba wa pango ukiisha, usiulize kodi tu. Nenda ukaione nyumba saa 5 usiku.

Nawaomba na wengine mnaosoma: acheni kununua usingizi duka la dawa. Piritoni ni dawa ya mzio, na usingizi wake hukufuata hadi asubuhi. Dereva aliyeimeza anaweza kuua abiria. Diazepamu, dawa ya kutuliza, bila daktari hukufanya mtumwa wake. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya jioni vinakula usiku uliobaki.

Uchovu wa mwaka mzima unaweza pia kuficha upungufu wa damu, kisukari au kifua kikuu. Nenda ukapimwe wiki hii. Mkeo akisema unakoroma kisha pumzi inakatika, mwambie daktari hilo kwanza.