Mjukuu anashiba uji, uzito hauongezeki

SWALI: Assalaam aleikum, Shangazi. Ninalea mjukuu wa mwaka mmoja na nusu, mama yake yuko Dar es Salaam anatafuta riziki. Ruzuku ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, nikiipata nanunua sembe, sukari na mafuta, na haifiki malipo mengine. Kliniki wanasema nimpe mlo kamili. Nyama nitaitoa wapi?
Bibi wa Makorora, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Nyama iache kwanza, tuutazame huo uji. Nilipima watoto kliniki miaka mingi, na uji niliokuwa nauona kwenye vikombe vyao ulikuwa maji yenye rangi. Tumbo la mtoto ni dogo, likijaa maji ndiyo limejaa, na ataacha kulia ukadhani ameshiba. Upike mzito, ukae kwenye kijiko. Kabla ya kuepua tia kijiko cha unga wa dagaa na mafuta kidogo, au tui.

Dagaa wanunue pale soko la samaki la Deep Sea siku za giza, boti zikitoka na taa. Mwezi ukiwa mpevu wanaadimika na bei inapanda. Osha mchanga wote, anika, kaanga bila mafuta, kisha twanga na miiba yake, maana ndiyo itakayomjenga mifupa. Chekecha, hifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Kwa mtoto mmoja, fungu dogo linakwenda siku nyingi.

Sembe badilisha kwa dona, kiini na pumba vimo. Sukari punguza, hela hiyo inunue kunde. Matembele hata uani yanaota, yakamulie ndimu. Chai ya rangi asinywe na chakula, nakuomba sana, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Ale mara 3 au 4 kwa siku, katikati apate ndizi au embe. Tena mpakulie sahani yake mwenyewe. Kwenye sinia moja na wakubwa hawezi kushindana nao, mikono yao ina kasi, naye unamkuta analamba vidole tu.

Kliniki usikose, kwa mtoto wa umri huu ni sharti la ruzuku yenyewe. Mwezi ujao uzito usipopanda, waombe wampime mkono kwa utepe. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali: aanze matibabu siku hiyohiyo, msirudi kwanza nyumbani.