Kabla ya kununua vidonge vya macho, angalia sufuria yako

Ukiwa mvuvi wa taa, mwanika dagaa au dereva wa bodaboda hapa Kigoma, macho yako yanapigwa na mwanga kuliko ya karani wa ofisini. Jua la Ziwa Tanganyika linakuchoma kutoka juu, kisha linakurudia kutoka majini. Ndiyo maana wauza dawa wa kutembeza wanapata wateja haraka.

Kaka yangu, mvuvi wa Kibirizi, alishawishiwa kununua kopo la vidonge "vya kusafisha retina", yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Akaniletea nimsomee. Nilipokuta beta-karotini nyingi, ile rangi iliyomo kwenye karoti na mawese, nilimwambia asimeze hata kimoja, maana anavuta sigara. Utafiti wa Ufini uliochapishwa 1994 ulionyesha kuwa wavutaji waliomeza vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiomeza. Hapo naongelea vidonge, si karoti wala mawese.

Vidonge vya macho vyenye ushahidi vipo. Utafiti wa AREDS2 wa Marekani, matokeo yake 2013, ulipima miligramu 10 za luteini na 2 za zeaksantini kwa siku. Lakini washiriki walikuwa watu ambao katikati ya retina zao kulishaanza kuharibika kwa uzee. Kwa mwenye macho mazima, sioni sababu ya kumaliza hela ya unga.

Luteini na zeaksantini ni rangi za njano. Mwili hauzitengenezi, tunazipata kwenye chakula, nazo hukusanyika katikati ya retina, pale tunaposomea na kutambulia sura. Hapo huchuja mwanga wa bluu na kutuliza chembe haribifu zinazozaliwa mwanga unapokutana na oksijeni na mafuta ya seli. Hiyo ndiyo kazi ya antioksidanti.

Na zimejaa kwenye matembele, mchicha, kisamvu na majani ya maboga! Mahindi ya njano yanazo pia, na kiini cha yai. Ila zinataka mafuta ndipo zifyonzwe vizuri, na hapo Kigoma tumebarikiwa. Mimi namenya nyuzi za majani ya maboga, nakatakata, nayachemsha kidogo tu. Pembeni nakaanga kitunguu na nyanya kwa mawese, moto mdogo, kisha nachanganya. Mchuzi ukibaki mwekundu ujue karotini ya mawese ipo. Wanaochoma mawese mpaka yawe meupe ili kuondoa harufu wanaichoma na karotini yenyewe. Kijiko kimoja au viwili vinatosha sufuria ya familia, kwa sababu karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayoganda, na moyo nao unahitaji kutunzwa.

Mboga haziruhusu mtu kukodolea jua macho, wala kuchomelea vyuma bila kioo cha kujikinga. Vaa kofia pana, tafuta miwani inayozuia mionzi ya jua, na usiitazame taa ya uvuvi moja kwa moja.

Funika jicho moja, tazama fremu ya mlango, kisha badilisha. Ukiona imepinda, au kuna doa jeusi katikati ya unachotazama, usisubiri matembele. Nenda hospitali upesi, Maweni au iliyo karibu nawe, uombe wakupime retina. Huenda wakakuwekea dawa ya kupanua mboni na ukaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani.