Re: Naweza kuchanganya jiki na dawa ya choo?
Mkuu usithubutu kuchanganya jiki na hiyo dawa ya choo yenye asidi eti ndo iue wadudu fasta, hapo inatoka gesi ya klorini, mi nilishafanya huo ujinga kwenye choo cha ofisi flani Kariakoo, kidirisha chenyewe kama cha kuku, nikatoka mbio macho yanachuruzika ndala moja nimeiacha ndani. We sugua kwanza na sabuni, suuza vizuri, maana jiki ikikuta uchafu nguvu yote inaishia hukohuko, halafu jiki ya asilimia 5 kopo 1 kwa maji makopo 9, iache dakika 10 ndo ufute. Maji ya baridi lakini. Ile uliyochanganya na maji ikabaki jana mwaga tu.